Chakula cha Walio Safarini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila nikiona jani la mgomba limekunjwa kuelekea ndani. Ninyi vijana mnakulia sahani, na mkimaliza mnaziacha hapo hapo nzi wazilambe. Sisi tulikulia jani. Lilitandazwa chini, kila mtu na upande wake, na aliyeshiba alikunja upande wake kuelekea ndani, ndiyo asante yake kwa mpishi. Mume wangu alikuwa na mkunjo wa peke yake: mara mbili, kisha ncha anaichomeka chini ya uti wa jani. Sijamwona mwingine akikunja hivyo. Keti basi nikueleze. Mwanao mwache acheze nje, maana nimeona jinsi unavyomtazama wakati wa kula, na jinsi naye anavyokutazama, na ndilo lililonifanya nikuite.

Tulikaa Nyakakika. Kibanja kiliizunguka nyumba pande zote, migomba imesongamana hata saa sita mchana humo ndani jua halikufika chini. Nilikuwa na mume, na watoto watatu: Mugisha, Byabato, na kitinda mimba wangu Kemilembe. Mwaka wa vita baba yao alichukuliwa na mgambo, akavuka mto pamoja na wenzake. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi, wala hapakuwa na mtu wa kusema kwamba alimwona akifa. Wazee wa ukoo walitaka kuweka matanga, nikakataa. Niliwaambia mtu asiye na kaburi yuko safarini, na kwetu chakula cha aliye safarini huwekwa. Nilikuwa na ulimi mkali tangu usichana, wakaniacha.

Mwaka uliofuata surua ikapita kijijini. Mugisha alikufa Jumatatu. Byabato alimfuata Ijumaa. Hao niliwazika kwa mikono yangu, nyuma ya nyumba, na bado jioni ya Ijumaa ile niliinjika chungu kile kile kikubwa cha watu watano, nikamenya ndizi za watu watano. Mkono ulikuwa umezoea, nami sikutaka kuufundisha kipimo kipya.

Basi ikawa desturi. Kemilembe akirudi shule, saa nane hivi, tunakula mimi naye, ndizi na maharage kama kawaida. Kisha nachukua jani jingine, naweka sehemu tatu, ya baba, ya Mugisha, ya Byabato, nafunika, naliacha chumba cha ndani juu ya nyasi za sakafu. Mimi nateremka bondeni kwenye shamba la maharage mpaka saa kumi na moja. Kemi anabaki uani kulinda kahawa iliyoanikwa, kuku wasiichakure.

Wiki ya kwanza nilirudi nikakuta chakula kimelala vile vile, kimepoa, sisimizi wameanza kukipanda. Kila siku nililia. Nililia kwa sauti, mwanangu, bila kumwonea haya mtoto wa miaka saba aliyesimama mlangoni. Chakula nilikimwaga kwa mbuzi.

Siku ya nane nilifunua, na jani lilikuwa tupu.

Tupu, na pande zote tatu zimekunjwa ndani, na upande wa baba Kemi umekunjwa mara mbili, ncha imechomekwa chini ya uti. Nyasi za sakafuni, nilizozitandika upya asubuhi ile, zilikuwa zimelala mahali patatu, pale pale walipozoea kukaa. Niliigusa ile ncha kwa kidole. Halafu, nakuambia ukweli, nilicheka. Nilicheka kwa furaha, nikatoka uani nikamnyanyua Kemi na kumzungusha, naye akacheka kwa kuwa mama amecheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Utaniuliza, hukufikiri ni mtoto? Sikutaka kufikiri. Na jioni ile, kama kunijaribu, Kemi alikula ndizi mbili tu akasema hana hamu. Nikajiambia, huyu hata chakula chake kinamshinda, ataweza vipi cha wenzake?

Mambo hayo yalikwenda miaka minne. Kila siku jani tupu. Kila siku mikunjo mitatu. Wakati mwingine nikiwa bado njiani nilisikia hatua ndani ya kibanja, majani makavu ya migomba yakivunjika taratibu upande wa makaburi, nikigeuka hapana mtu. Sikuogopa. Nilizisalimia hatua zile. Mwanamke mwenye akili zake, Mlutheri aliyebatizwa, nilisimama katikati ya migomba nikiuliza hewa kama imeshiba.

Na Kemilembe akanenepa. Mwanzoni watu walinisifu, maana ilikuwa miaka ile watu wazima walianza kukonda kwa ugonjwa ambao hatukuwa na jina lake, na mtoto aliyejaa mashavu alikuwa fahari ya nyumba. Nami nilijisifu. Lakini unene ukapita mashavu. Shingo ikapotea. Usiku alikoroma kama mzee, mara mkoromo ukakatika, nami nikalala macho wazi nikihesabu mpaka pumzi irudi. Magoti yalimuuma. Shuleni walimwita Pipa. Baadaye wakaacha kumwita Pipa, wakaacha hata kukaa dawati moja naye, kwa sababu mtu alikuwa amesema neno: mtoto yule hali kitu, wote tumemwona kwenye sherehe, anadonoa tu, basi anayenenepa ndani yake si yeye. Wafu wa mama yake wanakula kwa mdomo wake.

Neno likienezwa halina mwenyewe. Lilinifikia kisimani. Nikawatukana wote waliokuwapo, nikabeba ndoo yangu nikaondoka, lakini neno nikaondoka nalo.

Kisha Jumapili moja, tukipanda kilima kwenda kanisani, Kemi alianguka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Tulimbeba watu wanne mpaka zahanati. Mganga pale hakuwa na mizani ila ile ya kupimia watoto wachanga, basi kesho yake akatupeleka chama cha msingi, akapimwa kwenye mizani ya kahawa, juu ya ubao, katikati ya magunia, wakulima wakitazama. Wengine walicheka. Kemi aliinamisha kichwa, akaanza kuviringisha kishikizo cha gauni lake, akakiviringisha mpaka kikang'oka.

Mganga aliniita pembeni. "Mama, anakula nini huyu?"

"Kidogo tu," nikasema.

"Mzigo huu haukutoka hewani. Moyo wake unafanya kazi ya kubeba watu wengine. Ukiendelea hivi sioni akifika utu uzima."

Sikia upumbavu wangu sasa, mwanangu, nami sikufichi, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Mganga alisema watu wengine, na mimi nikasikia wafu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba baba na wanangu wana njaa, kwamba chakula ninachowawekea hakiwatoshi, ndiyo maana wamemwingia mtoto. Nikafanya nini? Nikaongeza. Sehemu tatu nikazifanya kubwa maradufu, nikaweka na maziwa, na karanga, na lubisi, yale maji matamu ya ndizi mbivu, nikapiga magoti mbele ya jani nikiwaomba washibe wamwachie Kemi wangu. Jioni jani lilikuwa tupu. Na asubuhi Kemi hakuweza kufunga viatu vyake, kwa sababu hakuweza tena kuinama.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa Bibi Nyirakamana. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, yeye mwenyewe alizeeka hapa akichunga ng'ombe wachache na kuvuta kiko. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hakuyapaka asali. Kila siku alasiri alipita uani kwangu na kikapu kuokota maganda ya ndizi ya kuwalisha ng'ombe wake. Sikuwahi kujiuliza mtu anayepita uani kwangu kila alasiri, mimi nikiwa bondeni, ameona nini.

Siku ninayokuambia, mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika na migomba bado inadondosha maji. Jembe langu lilichomoka mpini, nikapanda kurudi mapema, saa tisa hivi. Bibi nilimkuta amesimama kwenye njia, kikapu chake kitupu. "Shikamoo, Bibi," nikasema. Alinishika mkono kwa vidole vyake vikavu.

"Yewe, mama Kemi. Leo usipige hodi nyumbani kwako."

Tulizunguka nyuma, kupitia makaburi, mpaka kwenye ukuta wa chumba cha ndani. Pale udongo ulikuwa umebomoka kidogo na fito zikaonekana. Uani, mkeka wa kahawa ulikuwa peke yake, kuku wanachakura watakavyo. Nikasikia sauti.

Ilikuwa sauti ya Mugisha.

Mugisha wangu alikuwa na kigugumizi, aliing'ang'ania herufi ya kwanza mpaka mshipa wa shingo unasimama. Na humo ndani sauti ilisema, "M-m-mama amepika vizuri leo." Niligeuka nikimbilie mlangoni. Bibi alinibana kwenye ukuta. Kisha nikasikia sauti nyingine, nyembamba, ya Byabato, inayoomba maharage zaidi. Kisha ikaja nzito, ikikohoa kabla ya kusema, kama alivyokohoa mume wangu: "Kuleni, msimlize mama yenu."

Nilipachika jicho kwenye ufa.

Kemilembe alikuwa peke yake. Alikaa mahali pa Mugisha akila sehemu ya Mugisha. Akajivuta kwa matako, kwa shida, hadi mahali pa Byabato, nyasi zikilala chini yake, akala ya Byabato. Alikula kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na pua inamtoka, na katikati ya matonge alisimama, akaziba mdomo kwa kiganja, akangoja kile kilichotaka kurudi kishuke, akaendelea. Alipofika mahali pa baba yake alipumzika akihema, mkono kifuani. Akakohoa. Akala. Mwisho akakunja pande zote tatu, na ule mmoja akaukunja mara mbili, akachomeka ncha polepole, ulimi nje kidogo, kama anavyofanya mtoto anayeandika.

Nimeona mengi baada ya hapo, nimezika na wengine. Sijaona kitu kilichonitisha kama mikono ile midogo ikikunja lile jani.

Bibi alinivuta mpaka kwenye makaburi ndipo akasema, na kila neno ninalo mpaka leo. "Wanao wawili uliwazika hapa. Mume wako ukakataa kumzika. Kisha wote watatu ukaja ukawazika ndani ya huyu mmoja aliye hai. Umemfanya mtoto kaburi, mama Kemi, na kila siku unachimba."

Mimi, mwenye ulimi, niliinama nikaanza kung'oa magugu juu ya makaburi.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kwangu ilikuwa kinyume: mwana ndiye aliyechelea kilio cha mama. Nilipomuuliza jioni, kwa upole, alinieleza kama mtu anayekiri wizi. Alisema, "Mama, siku ile ulipokuta jani tupu ulicheka." Basi. Hiyo ndiyo sababu yote. Na zile sauti? Akasema alikuwa akiwaiga ili wasimwache peke yake na chakula kingi hivyo.

Ungedhani nilipata akili hapo hapo. Sivyo. Mtu akitoka kwenye kosa moja kwa mbio huangukia la pili. Kesho yake nilifunga chakula chumbani, nikampa ndizi moja mchana na moja jioni, nikamwambia, nusu kwa hasira nusu kwa hofu, kwamba akinenepa tena atakufa. Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya nyumba anatafuna maharage mabichi ya mbegu, amejificha. Aliponiona alijikinga uso. Nilimpeleka zahanati mbio, na yule mganga alinisema mbele ya watu, nami nilistahili. Mtoto bado anakua, alisema, hanyimwi chakula. Anyimwe ziada. Apewe mboga, apewe maharage, apewe usingizi na kazi ya miguu. Arefuke, na mwili utajipanga wenyewe. "Na asiambiwe mnene," akaongeza, "hilo anaambiwa na kijiji kizima."

Kwanza, basi, niliwaendea wazee wa ukoo nikawaambia wayaweke matanga niliyoyakataa. Walikaa siku zao, mchungaji akasali, tukamlilia baba Kemi bila mwili, na Kemi alilia nasi, alilia kilio chake mwenyewe safari hii. Chungu kikubwa nilikipeleka kanisani kiwe cha sherehe. Nikanunua chungu cha watu wawili. Siku ya kwanza nilipoinjika kile chungu kidogo, nilimenya ndizi nyingi mno, zikabaki, nikaketi nikizitazama.

Tulikula pamoja, kitu kile kile, mimi na yeye. Sikumpikia chakula cha mgonjwa. Mnavu na dodo, huo mchicha wa kwetu, nilivipanda karibu na jiko, na upande mmoja wa jani ukawa wa mboga kila siku. Lubisi ikawa ya sikukuu, siyo ya kila siku. Tulikula polepole tukizungumza, kwani kwa miaka minne yule mtoto alikuwa akila kama anayekimbizwa. Na alasiri, saa zile zile za jani, Bibi Nyirakamana alimwomba amsaidie ndama. Hakumwambia ni dawa. Alimwambia tu, "Miguu yangu imezeeka, nipe yako." Wiki za kwanza Kemi alifika kwenye kichuguu cha kwanza akakaa. Bibi naye akakaa, akawasha kiko, akasema hata yeye amechoka, mwongo yule wa Mungu. Baadaye wakafika kwenye kichuguu cha pili. Mwezi ukapita, wakafika bondeni penye maji. Bandu bandu huisha gogo. Sikumpeleka tena kwenye mizani ya kahawa. Nilitazama viatu, kama ameinama mwenyewe kuvifunga, na usiku nilisikiliza pumzi.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Alasiri moja katika siku zile, Kemi akiwa bondeni na ndama, namwona kwa macho yangu kutoka uani, nilisikia majani makavu yakivunjika ndani ya kibanja, taratibu, yakija upande wa nyumba. Hatua zilifika karibu na mlango zikasimama. Upepo haukuwapo. Mikono yangu ilitaka kutandaza jani, nakuambia, ilitaka. Niliiweka mapajani. Nikasema, "Nimewapenda. Hapa pana chakula cha wawili tu. Nendeni salama." Nikangoja. Hatua ziligeuka zikarudi kupitia makaburi, na tangu siku hiyo sijazisikia tena. Sema alikuwa mbuzi wa jirani ukitaka. Sikwenda kutazama.

Ilikuwa kama mwaka na nusu baadaye. Kemi alikuwa amerefuka, shingo imerudi, kilima cha kanisa alikipanda akipumzika mara moja tu. Tulikuwa tunakula. Ilibaki ndizi moja upande wake, na nusu. Akaiangalia. Akaondoa mkono kwenye jani, akakunja upande wake ndani, mkunjo mmoja wa kawaida, akasema, "Mama, nimeshiba."

Miaka yote ile sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Machozi yalinitoka kabla sijayazuia. Na yeye alipoyaona, mwanangu, uso wake ulibadilika, na mkono wake ukarudi kwenye jani, ukafunua mkunjo, ukashika ile ndizi.

Niliukamata mkono ule. Nikaushika mpaka ukaachia. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja, kamasi zinanitoka, nikamwambia, "Acha, Kemi. Haya ni yangu. Nitayalia mwenyewe mpaka yaishe, na wewe umeshiba." Alinitazama sana, akinipima kama nasema kweli. Kisha akanawa mikono akaenda kwa ndama wake.

Basi sikiliza kilichonifanya nikuite. Mtoto akizidi unene, usianze na mdomo wake. Anza na mikono yako inayopakua, na chungu unachopimia, na huzuni unayoipakulia. Usimpigie kelele, usimfiche chakula, usimpime mbele za watu. Kula naye kile anachokula, tembea naye anakokwenda, mpe mwaka, mpe miwili. Na akikuambia ameshiba, mwamini, hata kama sahani haijaisha, hata kama wewe bado una njaa ya kumwona akila. Machozi yako yana mahali pake, nayo si kwenye chakula cha mtoto.

Mungu akujalie chungu cha kuwatosha waliopo. Akujalie mtoto mwepesi wa miguu na pumzi, atakayekuzika wewe, siyo wewe yeye. Sasa mwite aje ale. Mwekee kiasi chake, na mkono wake ukitoka kwenye sahani, wewe tabasamu.